Chanzo cha Kuaminika

Kwetu ukitaja mtego, hakuna anayefikiria panya. Tunafikiria wale watu wastaarabu wa kuzuia rushwa wanaokuja na mkoba wa kompyuta, wanasalimia vizuri, wanauliza maswali madogo madogo, halafu baada ya siku chache kiongozi fulani anaonekana ndani ya gari lao, amekaa katikati. Mwaka juzi walimchukua hivyo hivyo bwana mmoja wa kata ya jirani, akiwa mezani, mchuzi haujamkauka kidoleni. Tangu hapo viongozi wetu wote, wenye makosa na wasio nayo, wakisikia neno hilo wanameza mate.

Nalieleza hili mapema ili mtu asimcheke shemeji yangu Alute kabla hajamwelewa. Akishamwelewa, amcheke anavyotaka.

Alute ni mdogo wa marehemu mume wangu Elisha, na ndiye mwenyekiti wa kijiji chetu, kile ukitoka Iguguno unateremka kuelekea bonde la Wembere. Elisha alipofariki aliniacha na mtoto mmoja, Esta, na shamba moja la udongo mweusi kando ya korongo. Shamba hilo tulilifyeka wawili, mimi na yeye, nikiwa na mimba ya Esta. Ukoo ulitaka nirithiwe, nikakataa. Sikumtukana mtu. Nilisema tu kwamba nimeshaolewa mara moja na inatosha. Wakanuna. Walipokuja wapimaji kutoa hati za kimila, mimi nilikuwa kwetu Kilimatinde nikimuuguza mama, na niliporudi nikakuta shamba langu limeandikwa Alute.

Nililalamika kwenye baraza la ardhi la kijiji, lakini wazee wa baraza wote walikuwa watu wa kula kwa Alute. Nilikwenda kata, nikaambiwa mambo ya familia mkayamalize nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni kwa Alute: nyumba yangu na yake ziko ua mmoja, jiko langu limegeukia bafu lake. Miaka minne nimelima vibarua kwenye mashamba ya watu huku nikipita kando ya langu kila asubuhi, naona alizeti ya shemeji imesimama pale nilipong'oa visiki kwa mikono yangu. Nilisema kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilisema kwa Kinyiramba cha ukweni nilichojifunza kwa taabu. Alute akawa ananijibu kwa upole, "Shemeji, mbona unahangaika? Kwani si mali ya familia?" Upole huo ulinichoma kuliko matusi.

Sasa ndipo akaja Redempta.

Tulitangaziwa kwamba anakuja mtaalamu wa mafuta. Mkoa wetu ni wa alizeti, kwa hiyo akina mama wakakaa mkao wa kupokea soko. Siku aliyofika alikuta chupa zimepangwa barazani kwa mwenyekiti, kila mmoja na mafuta yake aliyoyakamua, aonje aseme ya nani ni bora. Binti wa watu akaonja zote kwa adabu, akasifu zote, kisha akaeleza kwamba yeye anatafuta mafuta ya chini ya ardhi. Wale mama wakabeba chupa zao wakiwa hawajamkasirikia, ila mmoja aliniuliza pembeni kwa nini mtu ahangaike kuchimba kitu kinachoota.

Redempta alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, mcheshi, na kazi yake ni kusoma mawe asiyoyaona. Wenzake walikuwa wamepiga kambi mbali huko bondeni. Yeye alitangulia vijijini kuomba njia, kwa sababu mstari wao wa kupima ulikuwa unapita kwenye mashamba ya watu, na kila shamba lazima ajue mwenyewe ni nani. Kijijini hatuna nyumba ya wageni, hivyo akapewa chumba cha mbele kwa Alute, na mimi nikaambiwa nimpikie. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi.

Sikujuta. Jioni alikuwa anakaa nami jikoni akijifunza somo lake, maana Jumamosi angesimama mbele ya mkutano wa kijiji, na wakubwa zake walikuwa wamemwambia hakuna Kiingereza, kila kitu kwa Kiswahili. Somo hilo alilisomea ng'ambo kwa lugha ya huko, na miaka yote alikuwa kwenye bonde lililo chini ya bahari, upande wa kusini, hakuna mwanakijiji wa kumuuliza chochote. Sasa alikuwa anahangaika na maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Nilimsaidia. Akisema matabaka, namwambia sema tope juu ya tope. Akaeleza hivi: zamani sana mito ilikuwa inashusha matope baharini, mwaka kwa mwaka, na pamoja na matope vijidudu na majani yaliyokufa. Tope likalala juu ya tope mpaka la chini likawa jiwe kwa uzito, likapata joto, na ule uchafu wa viumbe ukaiva ukawa mafuta na gesi. Jiwe hilo lililoiva wao wanaliita chanzo. Mafuta yakitoka kwenye chanzo hupanda, maana ni mepesi, yanapita kwenye mchanga yakitafuta njia ya kwenda juu. Yasipozuiwa hutoka yakapotea. Lakini yakikuta juu yake udongo mzito usiopitisha kitu, nao umejikunja kama sufuria iliyofunikwa, yanakwama hapo. Yanaweza kukaa humo mamilioni ya miaka. Mahali hapo yalipokwama, alisema, ndipo wanaita mtego.

Bonde letu hili, akasema, lina mambo hayo hayo ya kule baharini, tofauti ni kwamba letu halina maji juu yake ila chumvi na vumbi. Kama ndani yake kuna chochote, hajui. Ndiyo maana wanapima.

Mchanga wenye mafuta alikuwa anauita hifadhi. Nikamkataza hapo hapo. Nikamwambia ukisimama mbele ya watu hawa useme mnatafuta hifadhi, watajua wanaongezewa pori la akiba, na hutafika kwenye gari. Akacheka mpaka akakohoa moshi, akaandika ghala. Neno mtego nalo nililisikia, lakini nikaliacha lipite, sikuona ubaya wake siku ile.

Mtandao wa simu kwetu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko langu. Ubavuni mwa kichuguu ndipo lilipo bafu la Alute, la mabua ya mtama na turubai, halina paa. Jioni moja Alute alikuwa anaoga. Nililiona taulo lake la kijani limening'inia, na nilimsikia anaimba pambio kama kawaida yake. Redempta akatoka na simu, akapanda kichuguu bila kujua kuna mtu chini yake. Alikuwa anaongea na mwenzake wa Dar es Salaam, wanafanya mazoezi ya kuelezana kwa Kiswahili, na walichokuwa wanaeleza ni lile bonde la baharini alilolifanyia kazi miaka yote. Alisema kwa sauti, maana mtandao ulikuwa unakatika.

"Chanzo ni cha kuaminika, tena kimekomaa. Mtego upo, mkubwa kuliko nilivyotegemea. Nimezunguka pande zote, umefungwa, hakuna pa kutokea. Hakuna kinachovuja. Kimebaki kibali tu, tuingie."

Pambio likakatika. Mimi nilikuwa napuliza moto, sikulitilia maanani. Redempta akaendelea kuzungumza muda mrefu, akashuka, akaingia ndani, na Alute bado hajatoka. Alipotoka hatimaye alikuwa amejifunga taulo, povu la sabuni limemkaukia masikioni, akapita mbele yangu bila kuniona. Nikadhani amepatwa na malaria.

Usiku ule alimchinjia mgeni jogoo wake mkubwa. Asubuhi yake nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kwetu tangu niolewe. Redempta alitoka chumbani na mswaki mdomoni, na kabla hajafungua kinywa kumwamkia mwenye nyumba, Alute, mtu mwenye mvi, mwenyekiti, akainamisha kichwa akamwambia, "Shikamoo." Binti wa kumzaa. Redempta alidhani ni mzaha wa huku kwetu, akacheka akamwamkia na yeye. Eliza, mke wa Alute, alisimama na ndoo mkononi akisahau alikokuwa anakwenda.

Kisha Alute akanifuata nilipokuwa napasua kuni. Akauliza kama mgeni ameshaniuliza habari za lile shamba la kando ya korongo. Nikasema ameniuliza, kama alivyouliza kwa kila mtu mashamba yote anayopita. Akauliza nilimwambiaje. Nikasema nilimwambia kweli. Akatazama huku na huku, akanisogelea.

"Shemeji, chanzo ni wewe?"

Ndipo nikaelewa. Povu, jogoo, shikamoo, vyote vikanijia kwa mara moja. Nilishika shoka nikaangalia chini, kwa sababu nilijua nikimtazama usoni nitacheka. Nikamuuliza chanzo cha nini. Akasema basi, hakuna kitu, akaondoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

Ningeweza kumwita pale pale. Maneno matatu yalitosha: ni mawe, shemeji. Sikumwita. Nilifurahi, na naomba nisiseme uongo kuhusu hilo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikafurahi tena. Miaka minne mtu huyu amelala usingizi mzuri upande wa pili wa ukuta wangu, na sasa yeye ndiye anayekaa macho.

Siku zilizofuata nilimtazama akihangaika ndani ya ua wake kama ng'ombe aliyefungiwa peke yake. Kutoka hawezi, mgeni asije akadhani anatoroka. Kukaa hawezi, maana mgeni yupo, na kila mgeni anapofungua kompyuta yake Alute anasimama anakwenda kuangalia kitu kisichokuwepo. Alianza kuniita mama Esta, kwa heshima. Alinirudishia jembe la Elisha alilokuwa amelichukua. Chakula akawa anakichezea tu, na suruali ikaanza kumshuka kiunoni. Redempta aliniambia kwa huruma kwamba mwenyekiti anaonekana mgonjwa, labda nimwambie aende zahanati. Nikamjibu kwamba ugonjwa wake naujua, utapona.

Halafu Alhamisi Eliza akaja jikoni kwangu, macho mekundu, akaniambia mume wake anasafiri. Anakwenda Rungwa kwa binamu yake kuangalia mizinga. Eliza si mjinga, anajua si msimu wa kurina asali. Alisema amefunga blanketi, redio, na ile bahasha yenye hati za mashamba, na kwamba amemwambia asimuulize atarudi lini. Ijumaa asubuhi anaondoka.

Furaha yangu yote ikaisha. Rungwa ni kule ambako barabara inachoka kabla yako. Mtu akitaka asipatikane huko, hapatikani, na hati yenye jina lake itakaa naye mpaka mchwa waimalize. Nani atanisainia mimi? Baraza litasema subiri mwenyewe arudi. Nilikaa kwenye kigoda nikitafuta njia, na kila niliposhika palikuwa pamefungwa. Nikimwambia ni mawe, atabaki, atacheka, atamwita Eliza ampikie, na shamba litabaki naye. Nikinyamaza, atakimbia, na shamba litaondoka ndani ya bahasha. Nilimkasirikia Elisha kwa kufa. Nilimkasirikia hata Redempta na bahari yake.

Nikampata Alute zizini, akiwaangalia ng'ombe wake kama anawaaga. Nikamwambia nasikia anasafiri. Akasema mizinga. Nikamwambia mizinga haikimbii.

"Shemeji," nikasema, "mtu akiwa na kitu kisicho chake, akakirudisha mwenyewe, mbele ya watu, kabla hajaulizwa, nani tena atakuwa na la kumuuliza?"

Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hayo nimeyasikia kwa mgeni. Nikamwambia hapana, mgeni hajaniambia neno lolote la namna hiyo, nasema mimi mwenyewe Raheli. Nikamwona usoni kabisa kwamba haniamini. Alidhani nimetumwa na nimekatazwa kusema. Miaka yote nimemwambia ukweli, haukufika popote, na siku hiyo ukweli wangu ulimfikia kwa sababu aliudhani ni uongo. Nikamwacha na ng'ombe wake.

Ijumaa hakusafiri. Wala sikupata amani, maana bahasha ilikuwa bado imefungwa pamoja na blanketi, Eliza aliniambia, na Alute alikuwa ameweka mzigo wote nyuma ya mlango.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Ukisema mafuta watu wanakuja, hata yakiwa ya chini ya ardhi. Redempta alikaa meza kuu na karatasi zake, na pembeni yake mtendaji wetu Noel, kijana mnyoofu lakini mwoga wa wakubwa. Alute alivaa koti lake la harusi za watu. Nilikaa mbele kabisa chini pamoja na akina mama, miguu imenyooka, na sikusikia hata sala ya kufungua.

Alute akasimama kumkaribisha mgeni. Akakohoa. Akamtazama Redempta, akanitazama mimi, akatazama gari la wageni lililosimama kivulini na dereva ndani yake.

"Kabla ya yote," akasema, "nina jambo la familia yangu."

Watu wakatulia. Akasema kaka yake Elisha aliacha shamba. Akasema aliona mjane bado kijana, dunia ina watu wabaya, akaona alitunze shamba hilo kwa jina lake mwenyewe lisije likaporwa. Akasema sasa mtoto amekua, mjane ameonyesha ni mtu wa maana, na yeye leo, kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu, mbele ya kijiji na mbele ya wageni wetu, anamrudishia. Maneno ya "kwa hiari yake" aliyarudia, akimtazama Redempta. Na Redempta, mgeni mwenye adabu, akatabasamu akapiga makofi.

Basi kijiji kizima kikapiga makofi. Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba viongozi wa namna hii wamebaki wachache. Huyu mtu alikuwa ameninyang'anya, na sasa alikuwa anashangiliwa kwa kunitunzia. Mama aliyekaa karibu nami akanisukuma bega, simama, mshukuru shemeji yako. Wengine wakaitikia, mshukuru, mshukuru. Desturi ndiyo hiyo, ukipewa mbele ya watu unasimama, unapiga goti, unashukuru. Nikishukuru, nimekubali kwamba lilikuwa lake na amenipa. Nisiposhukuru, mimi ndiye mwanamke mwenye roho mbaya, na makofi yale yatageuka.

Nikasimama. Sikupiga goti.

"Mtendaji," nikasema, "naomba liandikwe kwenye muhtasari sasa hivi, kabla mgeni hajaanza. Liandikwe kwamba shamba la kando ya korongo ni la Raheli, mke wa Elisha. Mwenyekiti asaini. Likishaandikwa nitashukuru."

Noel akamtazama mwenyekiti. Kwa kawaida hapo ndipo jambo langu lingekufa, mtendaji angesema tutalipangia siku. Lakini Alute, kwa haraka ya mtu anayezama, akasema aandike, aandike tu, akatoa ile hati mfukoni mwa koti. Alikuwa nayo kifuani. Noel akaandika, akasoma kwa sauti, Alute akasaini, na wazee wawili wa baraza, wale wale, wakasaini chini yake. Hati ikawekwa mezani ikapelekwe kubadilishwa jina. Nikashukuru. Nilimshukuru Mungu, nikaushukuru mkutano, nikakaa.

Ndipo Redempta akapewa nafasi. Alisema vizuri, nilijivunia. Tope juu ya tope, chanzo, ghala, kifuniko. Watu walifuata kila neno. Kisha akafika kwenye mtego, na nikaona viongozi wote wa meza kuu wanakaa wima. Akaeleza kwamba mtego ni mahali mafuta yanapokwama chini ya jiwe zito yakakosa njia ya kutoka.

"Msidhani sisi wataalamu hatukosei," akasema. "Juzi juzi nilikuwa juu ya kichuguu cha mwenyekiti, namwambia mwenzangu kwamba kule baharini nilikofanya kazi chanzo ni cha kuaminika na mtego umefungwa pande zote, hakuna pa kutokea. Jana amenipigia, wamekuta ufa kwenye kifuniko. Gesi yote ilishatoka kabla binadamu hajaumbwa. Kwa hiyo hapa kwenu siwezi kuwaahidi kitu mpaka tupime."

Mimi sikuwa namtazama Redempta. Nilimtazama Alute. Kwanza alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu. Kisha midomo yake ikaanza kusema maneno yale taratibu, bila sauti, chanzo, mtego, baharini. Kisha akaitazama hati iliyokuwa mezani mbele ya Noel, na mkono wake ukasogea kidogo juu ya meza, ukasimama. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanamtazama kwa upendo. Mkono ukarudi pajani.

Akageuza macho, akanitafuta kati ya akina mama, akanikuta namtazama. Hapo alijua kwamba nilijua. Angesema nini? Kwamba ametoa kwa sababu aliogopa? Mgeni alipomaliza, Alute ndiye aliyesimama kumshukuru, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kwenye homa, dhaifu lakini imepoa.

Redempta aliondoka siku hiyo hiyo kwenda kijiji cha pili. Alinikumbatia, akaniuliza kama watu wameelewa. Nikamwambia wameelewa, hata wale ambao hakutegemea. Sikumweleza zaidi. Gari lilikuwa linamsubiri, na mambo yale yalikuwa ya kwetu.

Jioni Alute alikuja jikoni kwangu. Hakukaa, alisimama mlangoni.

"Ulijua ni mawe," akasema.

"Nilijua."

"Nilikuwa naacha mke na watoto, shemeji. Nilikuwa nakwenda kuishi porini kwa ajili ya mawe. Ungeniambia tu."

Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma kidogo, na alistahili, alikuwa amekonda kweli. Lakini aliposema ungeniambia, kitu kikapasuka ndani yangu.

"Nilikuambia miaka minne," nikasema. "Nilikuambia shamba ni langu. Nilikuambia barazani, nilikuambia kata, nilikuambia hapa hapa ulipo. Mbona hukunisikia?"

Sijui kama aliona aibu au alichoka. Akaondoka. Tangu siku hiyo ananiamkia vizuri, na watu wanamsifu kila mahali. Jumapili walimtaja kanisani, na wiki iliyofuata wajane wawili wa kitongoji cha juu walikuja kumwomba akazungumze na mashemeji zao, kwa kuwa yeye ni mtu wa haki. Alikwenda. Hakuwa na namna ya kukataa.

Mimi nilikwenda shambani Jumatatu, kumekucha, na jembe begani. Nilidhani nitaimba. Nilifika kwenye ule udongo mweusi nikauchota mkononi, nikakaa chini nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha furaha, kilikuwa cha hasira. Maneno yangu ya miaka minne yote yalikuwa wazi, hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulielewa vibaya, na hayakunirudishia hata tuta moja. Aliyesikilizwa ni chanzo kilichozikwa chini ya bahari ambayo sijawahi kuiona. Nililia mpaka jua likapanda, kisha nikafunga khanga kiunoni nikaanza kulima, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika na nilikuwa nimechelewa.